Tulimpigia Makofi Mwenye Panga

Jumamosi moja alasiri pale Igoma, Mwanza, vijana wa kikundi cha maigizo walifunga turubai kati ya miti miwili, wakaweka spika juu ya kiti cha plastiki, wakaigiza mchezo wa nusu saa kuhusu bibi mwenye macho mekundu anayedhaniwa kuwa mchawi. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa hadithi hiyo haihitaji utangulizi. Ng'ombe wa kijana wamekufa, mtoto wake ana homa isiyoshuka, anakwenda kwa mpiga ramli, anaambiwa adui yumo ndani ya ukoo. Anarudi nyumbani na panga. Bibi yumo jikoni, ameinamia mafiga, anapuliza moto wa vinyesi vikavu vya ng'ombe, na moshi unamrudia usoni kama ulivyomrudia kila siku ya maisha yake.

Vijana wale waliutunga mchezo ili tulie, na mwanzoni uwanja ulitulia kweli. Lakini kijana alipomshika bibi mkono na kumburura hadi katikati, huku akimwita "Mayu, mayu, kwa nini?", yaani mama kwa Kisukuma, mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Ndiye huyo! Usimwachie!" Wengine wakacheka, kisha yakaja makofi, na kabla sijatambua ninachofanya, viganja vyangu navyo vilikuwa vinagongana.

Mchezo ulipokwisha nilizunguka nyuma ya turubai. Binti aliyecheza bibi alikuwa ameinama anajimwagia macho maji ya chupa. Walitumia kitunguu kuyafanya yawe mekundu, na rangi ya mdomo kidogo pembeni mwa kope.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Macho yanawasha?"

"Macho yatapona, mwalimu. Zile kelele ndizo. Kuna mahali nilisahau kwamba wanamwita bibi, nikadhani wananiita mimi."

Nilirudi nyumbani na maswali mawili. Kwa nini sisi tuliokuja kumhurumia bibi tulimshangilia mwenye panga? Na ilikuwaje binti yule, kwa sekunde chache, hakujua yeye ni nani? Mimi nafundisha fasihi, si daktari wa akili. Lakini kuna elimu ambayo imehangaika na maswali hayo hayo kwa zaidi ya miaka mia moja, nayo ni uchanganuzi nafsi. Huku kwetu hufundishwa kama orodha ya istilahi za kukariri kwa ajili ya mtihani, ikafa kabla haijatusaidia. Nataka kuifungua taratibu, kwa sababu naamini inaunganisha mambo matatu ambayo tumezoea kuyatenga: utambulisho wa mtu, itikadi kali, na ile hali ya kiroho ya mtu kupotea ndani ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Kilichozikwa hurudi

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1856, alianza kwa kusikiliza wagonjwa ambao viungo vyao vilipooza au sauti zao zilipotea bila kasoro yoyote kuonekana mwilini. Aliwaacha wazungumze. Kadiri walivyozungumza akaona kwamba kuna tamaa, woga na hasira ambazo mtu huzizika ndani kwa sababu hawezi kuishi nazo mbele za watu, wala mbele ya nafsi yake mwenyewe. Wataalamu wetu wa Kiswahili huiita sehemu hiyo ya nafsi ung'amuzi bwete. Na kilichozikwa huko hakifi. Hurudi kwa mlango wa uani: katika ndoto, katika ulimi unaoteleza, katika ugonjwa, na katika sanaa.

Tamthiliya haikuwa pambo katika fikra zake. Kitabu chake kuhusu ndoto, chenye mwaka 1900 juu ya jalada, kinaegemea michezo miwili: ule wa Sophocles kuhusu mfalme Oedipus, na Hamlet wa Shakespeare. Miaka michache baadaye aliandika insha fupi kuhusu wahusika wenye nafsi zilizovurugika jukwaani, ambayo haikuchapwa mpaka 1942, yeye akiwa ameshafariki tangu 1939. Anasema humo kwamba mtazamaji ni mtu ambaye maisha hayakumpa nafasi ya kufanya makubwa. Jukwaani anapata kuwa shujaa, muasi, hata muuaji, bila kulipa gharama yake, maana anayeumia ni mwingine, na isitoshe ni mchezo tu.

Hapo makofi ya Igoma yanaanza kueleweka. Pale uwanjani walikuwepo watu waliozika watoto, waliopoteza mitaji ya dagaa, waliosubiri ajira mpaka ndevu zikaota. Msiba usio na mwenyewe ni mzigo mbaya sana. Kijana wa mchezoni alikuwa amepata uso wa kuutupia mzigo wake, na kwa dakika mbili alitufanyia kazi ambayo kila mmoja wetu aliwahi kuitamani kimyakimya.

Lakini kwa nini uso wa bibi? Kwa nini si mgeni, si tajiri, si jambazi? Jibu lenye nguvu kuliko yote nimelipata kwa Melanie Klein, mchanganuzi wa nafsi aliyefanya kazi London na watoto wadogo sana. Katika makala yake ya mwaka 1946 anaeleza jinsi mtoto mchanga anavyopasua dunia vipande viwili, kwa sababu hawezi kuvumilia kwamba mama anayemnyonyesha ndiye huyo huyo anayechelewa kuja. Anatengeneza mama mwema kabisa na mama mbaya kabisa. Ubaya ulio ndani yake mwenyewe, njaa yake na hasira yake, anautupa kwa yule mbaya, kisha anaanza kumwogopa. Tukikua tunajifunza kuunganisha vile vipande, ila tukitikiswa sana tunarudi kulekule kwenye kupasua. Bibi wa ukoo ndiye aliyetulisha. Na aliyeweza kutulisha, nafsi ya kitoto inasema, ndiye aliyeweza kutunyima. Nakumbuka kwamba makofi yalianza pale kijana aliposema "mayu" kwa sauti ya mtoto anayelia.

Wafuasi wa Klein, hasa Wilfred Bion, waliongeza jambo linalomgusa binti wetu. Kilichotupwa hakiishii hewani. Kinamwingia aliyetupiwa, na akizungukwa na watu wa kutosha wanaomtazama kwa jicho moja, yeye mwenyewe huanza kukihisi kama chake. "Nikadhani wananiita mimi" ni maelezo mafupi na sahihi ya jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa arobaini.

Hata hivyo, kuna mambo nafsi peke yake haiyaelezi. Katika mchezo ule, bibi alikuwa na majaruba matatu ya mpunga karibu na mto, na kijana hakuwa na hata moja. Watu wa huku wanajua kwamba nyuma ya ramli chonganishi mara nyingi kuna shamba. Macho mekundu nayo yana sababu isiyo na fumbo: moshi wa miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha. Mchambuzi anayeruka majaruba na moshi ili awahi kufika kwenye ung'amuzi bwete anamkosea bibi mara ya pili.

Chini ya turubai moja

Neno utambulisho tunalitumia siku hizi kana kwamba ni kadi ya NIDA, kitu ambacho mtu anacho au hana. Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kukua bila kumjua baba aliyemzaa, aliliona kama kazi isiyokwisha, inayofika kwenye kona kali wakati wa ujana. Jina hilo la Erikson alijipa mwenyewe alipokuwa raia wa Marekani. Anasema kijana aliyekosa nafasi ya kuwa mtu kamili mbele ya jamii yake anaweza kuchagua kuwa mtu mbaya kamili, kwa sababu ubaya ulio kamili unauma kidogo kuliko kuwa nusunusu.

Mtazameni kijana wa mchezoni kwa jicho hilo. Ng'ombe wa mahari wamekufa. Shamba hana. Akienda mjini ni machinga wa kuhamishwahamishwa, akirudi kijijini ni mtoto. Hakuna mahali anapoitwa mzee wa familia. Panga linampa jina kwa usiku mmoja. Siandiki hivi kumtetea. Naandika kwa sababu yeyote anayetaka kuliondoa panga mkononi mwake anapaswa kujua limejaza pengo gani.

Vamik Volkan, mchanganuzi wa nafsi mzaliwa wa Cyprus, ana picha ambayo huku kwetu inaingia moja kwa moja. Kila mtu, asema, amevaa nguo yake mwenyewe, lakini pia yumo na wenzake chini ya hema moja kubwa la kabila, dini au taifa. Siku za kawaida hatulioni hema. Likianza kutikisika, kila mtu anasahau nguo yake na kukimbilia kushika mlingoti, na mlingoti huo ni kiongozi. Aliyewahi kukaa chini ya turubai la msiba mvua ya ziwani ikaja na upepo anajua jinsi ugomvi wote wa mirathi unavyonyamaza ghafla, watu wakashika kamba. Freud mwenyewe alikuwa amesema jambo la karibu na hilo mwaka 1921: katika kundi, kila mmoja huitoa ile sauti ya ndani inayompima na kumwonya, na mahali pake akamweka kiongozi. Baada ya hapo hakuna anayejisikia mwenye hatia, kwa sababu hatia ameikabidhi.

Kundi si lazima liue. Freud aliandika pia kuhusu majivuno ya tofauti ndogo, yaani jinsi majirani wanaofanana sana wanavyokuza visa kati yao. Kwa Wasukuma tuna mfano ambao angeufurahia. Bagika na Bagalu ni jamii mbili za wacheza ngoma, zenye lugha moja, mila moja, hata koo zilizochanganyika, na zimeshindana tangu karne ya 19. Siku ya shindano zinacheza kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa kwake. Kuna dawa za mvuto, kuna matusi ya kuimba, kuna uadui wa kweli usoni. Jua likizama, watu wanarudi nyumbani kwa njia moja. Chuki imepewa uwanja wake, saa yake na ngoma yake, na ikatosha.

Kuzama

Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, nilisimama karibu na mama mmoja na mwanawe wa miaka kama mitano. Mcheza ngoma alikuwa amembeba chatu shingoni, kichwa cha nyoka kikipita sentimita chache mbele ya midomo yake, macho ya mtu yule yakiwa yametazama mahali ambapo sisi hatukupaona. Jasho lilikuwa limekata mistari kwenye vumbi la kifua chake. Mtoto akauliza, "Ni nyoka wa kweli au wa ngoma?" Mama akajibu bila kufikiri, "Wa kweli. Na wa ngoma."

Sitasahau jibu lile, kwa sababu limebeba nadharia nzima ya Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza. Yeye alimtazama mtoto na kipande chake cha blanketi, kile anachokikumbatia na kukililia. Je, uzito wa kile kitambaa kautengeneza mtoto au ameukuta? Winnicott anasema hakuna mzazi mwenye akili anayemuuliza mtoto swali hilo. Kati ya kilicho ndani yangu na kilicho nje yangu kuna eneo la tatu, na humo ndimo unamoishi mchezo, na baadaye sanaa na dini. Chatu wa Bujora yumo humo.

Hali ya mpaka kati ya mimi na kisicho mimi kulegea kwa muda, Waislamu huijua kupitia usufi, Wakristo wana watawa waliosali mpaka wakasahau miili yao, na huku kwetu kuna kupandisha pepo. Hapa nitaiita kuzama, nikijua kwamba kwa watu wa Mwanza, tangu Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama, neno hilo si jepesi. Mwaka 1927 mwandishi wa Kifaransa Romain Rolland alimwandikia Freud kwamba chanzo halisi cha dini ni hisia kama ya bahari, ya kuwa kitu kimoja na ulimwengu wote usio na ukingo. Freud alijibu katika kitabu chake cha 1930, na jibu lake linanigusa kwa ukweli wake: alisema yeye mwenyewe haioni hisia hiyo ndani yake. Kisha akaieleza kama mabaki ya utoto wa kunyonya, wakati mtoto bado hajui yeye anaishia wapi na ziwa la mama linaanzia wapi.

Mimi nasimama na Winnicott hapa zaidi ya Freud. Kumwambia mcheza chatu kwamba amerudi kunyonya ni kumwona kama mgonjwa, na si mgonjwa. Ngoma ikikoma atamrudisha nyoka kwenye kikapu na kuulizia maji ya kunywa. Winnicott anatupa kipimo kingine. Wazimu, anasema, unaanza pale mtu mzima anapowalazimisha wengine kwa nguvu waikubali ndoto yake kama ukweli wao. Kwa kipimo hicho, kuzama kiroho na itikadi kali vinaachana njia. Aliyezama amelegeza mpaka wake kwa muda na hadai kitu kwako. Mwenye itikadi kali ameukaza mpaka wake hadi ukawa ukuta, kisha anakutaka wewe uingie au ufe. Mpiga ramli aliyemwambia kijana "tazama ndani ya ukoo" alichukua kitu cha eneo la tatu, akakitoa nje ya mchezo na kukitia makali.

Mfalme aliyetaka kuchungulia

Tamthiliya moja imeyaweka yote haya jukwaani kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Ni Bacchae ya Euripides, iliyoigizwa Athens mwaka 405 KK, mtunzi akiwa ameshafariki. Dionysus, mungu wa mvinyo na wa kupagawa, anarudi Thebes, mji wa mama yake, ambako dada za mama yake na binamu wanamkana. Anawapagawisha wanawake wa mji, wanakimbilia mlimani kucheza. Pentheus, mfalme kijana na binamu yake, anaapa kukomesha upuuzi huo. Anakamata, anafunga, anatishia kukata vichwa.

Wasomaji wengi hudhani wenye itikadi kali humo ni wale wanawake. Mimi namwona Pentheus kwanza. Hana nafasi ndani yake kwa chochote kinacholegea. E. R. Dodds, mtaalamu wa fasihi ya Kigiriki cha kale, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1944, alionyesha kwamba kumpinga Dionysus ni kukandamiza sehemu ya asili ya nafsi yako mwenyewe. Na Euripides anajua hilo, maana katikati ya mchezo mungu anamuuliza mfalme swali la upole: ungependa kuwaona? Yule aliyekuwa anafoka dakika chache zilizopita anajibu kwamba angetoa dhahabu nyingi mno ili awaone.

Kuanzia hapo mfalme anayeyuka. Anakubali kuvishwa nguo za kike ili akawachungulie. Anageukageuka, anauliza kama pindo la gauni limekaa sawa, unywele umechomoka anaomba urudishwe. Kila nikifika hapo darasani wanafunzi hucheka, kisha kicheko kinakatika chenyewe wakiona kwamba mtu yule hakuvikwa kitu kigeni: amevuliwa ukuta. Alichokuwa anakipiga vita kilikuwa ndani yake muda wote, kikisubiri ruhusa. Mungu anampandisha juu ya mti, wanawake wanamwona, na anayemrarua wa kwanza ni Agave, mama yake mzazi, anayeona mwanasimba.

Agave anarudi mjini akiwa amekishika kichwa cha mwanawe, anajisifu kwa mawindo. Baba yake, mzee Cadmus, anamkuta katika hali hiyo. Hamfokei. Hamwambii alichofanya. Anamwambia: kwanza, tazama juu angani. Je, mbingu ni zile zile, au zimebadilika? Agave anasema zimekuwa angavu zaidi. Mzee anamuuliza kama bado moyo unapeperuka. Anamuuliza aliolewa nyumba ya nani. Alizaa mtoto gani katika nyumba hiyo. Na mwisho kabisa: uso ulio mikononi mwako ni wa nani? Agave anajibu ni wa simba, ndivyo walivyosema wenzake. Mzee anasema: mtazame vizuri.

George Devereux, mchanganuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1970 kwamba onyesho hilo ni tiba ya nafsi iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Freud. Utaratibu wake ni wa ajabu. Mzee anaanza na mbingu, kitu kisicho na lawama. Anapita kwenye ndoa, kwenye uzazi, anamjengea binti yake utambulisho wake kipande kwa kipande, na anapofika kwenye kichwa kuna mtu tayari wa kuubeba ukweli. Angeanza na kichwa asingekuta mtu ndani.

Wole Soyinka wa Nigeria aliuandika upya mchezo huo mwaka 1973 kwa ajili ya National Theatre ya London, akamsogeza Dionysus karibu na Ogun, mungu wa chuma wa Wayoruba, na mwishoni kile kinachotiririka kutoka kwenye kichwa cha Pentheus kinageuka kuwa mvinyo ambao wote wanaunywa. Wapo wasioupenda mwisho huo. Mimi naona Soyinka anasema jambo ambalo wacheza ngoma wetu wangelielewa haraka: jamii isiyompa Dionysus uwanja wake italipa kwa damu, na hiyo damu inabidi ifanywe kuwa kitu cha kushirikiana.

Maji ya Ngarambe

Tuna mchezo wetu wenye uzito huo. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein ulichapwa mwaka 1969, na unamhusu Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyepagawa na pepo Hongo, akatoka mtoni na maji ya kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi. Sisi wa huku tuliolelewa na pamba tunaelewa maana ya kuing'oa.

Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, aliandika mwaka 1961 kwamba ngoma na kupagawa ni njia ya mtu aliyetawaliwa kumwaga hasira ambayo hawezi kumwelekezea mtawala, na kwamba mapambano yakianza, mambo hayo hunyauka. Hussein anaonyesha kinyume. Kule Ngarambe, pepo ndiye aliyefungua mapambano. Makabila yaliyokuwa yanatiliana shaka yalipata hema moja kwa sababu mtu mmoja alizama mtoni na kutoka na neno. Hapo naona Hussein ameona mbali kuliko Fanon, pengine kwa kuwa alizaliwa Kilwa, karibu na mahali penyewe.

Lakini Hussein hakumwacha shujaa wake apumzike. Kinjeketile anapozinduka na kukumbuka maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa, anakuta ndani yake mna ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kuvuliwa minyororo ya mmoja na kuvishwa ya mwingine. Anaanza kushuku. Ni nani aliyesema: Hongo, au mimi? Anataka vita vingoje, lakini neno limeshamtoka, limekuwa kubwa kuliko yeye, na watu waliojiweka ndani yake hawana tena masikio ya kusikia shaka yake. Ndicho kile Freud alichokisema kuhusu kundi na kiongozi, ila safari hii tumesimama upande wa kiongozi, tukaona jinsi anavyomezwa. Amepoteza "mimi" yake kama yule binti wa Igoma nyuma ya turubai, tofauti ikiwa kwamba yeye hakuwa na maji ya chupa ya kunawia.

Wapo wanaomwita mwenye itikadi kali. Nakataa. Hiyo ilikuwa lugha ya mtawala, na uchanganuzi nafsi usipokuwa mwangalifu unakuwa karani wake, ukiwaandikia cheti cha ugonjwa watu waliokuwa na sababu. Itikadi kali imo katika mchezo ule, nami naiona pale ambapo kuuliza swali kuhusu maji kunakuwa usaliti. Na mwisho wa mchezo unabana. Mjerumani anamtaka Kinjeketile atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe hayaamini tena. Anakataa, kwa sababu akisema hivyo, vizazi vitakavyofuata vitaambiwa kwamba kupigana kulikuwa kosa. Anabeba neno ambalo haliamini kwa ajili ya watoto ambao hatawaona, huku akijua ni nani anayelibeba. Kinjeketile wa historia alinyongwa Agosti 4, 1905. Vita viliendelea hadi 1907, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Nilirudi kwa wale vijana wa maigizo, nikawasimulia habari za mzee Cadmus na maswali yake. Hawakusema mengi. Wiki tatu baadaye wakaigiza tena, safari hii Buhongwa, na walikuwa wamebadilisha onyesho la kuburura. Kijana anafika katikati ya uwanja na panga, sauti zinaanza kupanda kutoka kwa watu, naye bibi, badala ya kulia, anamuuliza: "Mvua ya jana ilinyesha upande gani?" Kijana anababaika, anajibu. "Na wewe ulizaliwa nyumba ya nani?" Anajibu. "Nani alikubeba siku mama yako alipokuwa hospitali?" Kijana ananyamaza. "Haya. Nitazame vizuri."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamume mmoja, karibu na vibanda vya chipsi, alipaza sauti tena, "Usimwachie!", na safari hii watu waligeuka kumtazama yeye. Hakurudia.

Walipomaliza, hawakuenda nyuma ya turubai. Walileta beseni la maji pale pale mbele ya watu. Binti akavua kanga ya bibi, akaikunja, akanawa uso kitunguu chote kikatoka, kisha akasimama akataja jina lake, la baba yake, na mtaa anaokaa. Watoto waliokuwa wamekaa mbele wakaitikia jina hilo kwa pamoja, akalitaja tena, wakaitikia tena.